Mume wangu anasema kule ni kwa kumalizia maisha, si kuyaanza

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Nimekusoma kwa miaka mingi, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kukuandikia. Nina miaka 28 na ni nesi. Mume wangu ana miaka 31, ni mhandisi. Tumejaliwa binti mmoja wa miaka miwili na nusu. Tunaishi pembezoni mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, na huu ni mwaka wetu wa sita.

Shida yangu ilianza na baridi, ingawa sasa sijui tena kama ni baridi au ni jambo jingine. Kila ikifika Novemba nabadilika. Nafanya kazi hospitalini, zamu ya usiku. Nikitoka saa moja asubuhi giza bado halijaondoka, na nikiamka alasiri jua linashuka. Desemba linazama saa kumi na nusu. Nalia bila sababu. Namkaripia mtoto kwa vitu vidogo, halafu najifungia bafuni kwa aibu. Daktari aliniambia ni huzuni inayoletwa na majira, akaniandikia vitamini D na taa maalumu ya kukaa mbele yake kila siku. Taa inasaidia kidogo. Siku nyingine sina hata nguvu ya kuiwasha.

Februari mwaka huu tulikwenda Cape Coral, Florida, kwa mama yangu mdogo. Yeye na baba mdogo waliishi Chicago zaidi ya miaka thelathini, wakastaafu, wakanunua nyumba kule. Tulikaa siku kumi. Mshauri, nilijiona mtu mwingine. Nililala usiku kucha, binti yangu alishinda peku kwenye majani, mama mdogo anapika, mimi nimekaa barazani jua linanipiga usoni. Siku ya kuondoka nililia pale uwanja wa ndege.

Tangu hapo mama mdogo ananiambia: hamieni huku. Wana vyumba viwili havina mtu. Anasema tukae kwao miaka miwili bila kodi ya nyumba, tuweke akiba, kisha tununue yetu. Florida haina kodi ya mapato ya jimbo, na hapa Minnesota tunakatwa kila mshahara. Hospitali moja kule nimeshafanya nao usaili kwa simu na wamenipa kazi, zamu ya usiku kwa kuanzia. Wanataka jibu ndani ya wiki tatu.

Mume wangu hataki. Hapigi kelele, ila kila nikigusa jambo hili ananyamaza, na mara moja tu alisema: "Kule ni mahali pa kwenda kumalizia maisha, si pa kuyaanza." Anafanya kazi kwenye kampuni ya vifaa vya tiba na wamemwambia huenda mwakani akapewa kikundi cha watu wanne akiongoze. Kazi yake ni ya maabara, haifanyiki kwa kompyuta nyumbani. Jioni moja alitafuta kazi za fani yake karibu na Cape Coral, akaona tangazo moja. Akafunga kompyuta.

Na nikisema kweli, hofu yake ninaielewa. Ule mtaa wa mama mdogo kila mtu ana mvi. Binti yangu alikuwa mtoto peke yake mtaa mzima. Rafiki yangu aliniambia tutazeeka kabla ya wakati wetu. Halafu kuna vimbunga: mwaka 2022 kimbunga Ian kilibomoa paa la mama mdogo, wakaishi miezi chini ya turubai la buluu. Baba mdogo naye mwaka huu ameanguka mara mbili, ila anaendelea vizuri.

Nikibaki, naiona Novemba inakuja. Nikimvuta mume wangu akapoteza alichokijenga, najua siku moja atanitazama kwa jicho ambalo sitaliweza. Je, vijana ambao bado wanajenga kazi wanaweza kuishi nchi ya wastaafu wasijute? Au nimeng'ang'ania jua tu kama mtoto?

Ni mimi msomaji wako,
Minnesota

*

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo neno lako la mwisho. Mtu anayeshinda miezi mitano ya mwaka akilia bafuni halafu anatafuta pa kupata nafuu hajang'ang'ania kitu kama mtoto. Anajitetea. Nataka tusomeane barua hii huku hilo tumeshaliweka pembeni.

Nilivyokuelewa, umeniletea mambo matatu ukayafunga kamba moja: afya yako wakati wa baridi, kazi ya mume wako, na nyumba ya mama mdogo. Kwa sababu yamefungwa pamoja, kila mkizungumza mnayabeba yote kwa mkupuo, na ndiyo maana mwenzio ananyamaza. Kuna la nne pia, uliliandika kwa nusu sentensi. Nitalifikia.

Kwanza, swali lako lenyewe. Unauliza kama nchi ya wastaafu inawafaa vijana wanaojenga kazi. Mimi ningeuliza: kazi gani? Ninyi ni vijana wawili, na eneo lile lile linawatazama kwa macho mawili tofauti.

Cape Coral si mji uliokua wenyewe kwa biashara au bandari. Mwaka 1957 ndugu wawili, Leonard na Jack Rosen, walinunua ardhi kule, wakachimba mifereji, wakakata viwanja na kuviuza kwa watu wa majimbo ya baridi waliotaka jua. Ulipimwa uwe mji wa kulala. Nafasi ya ofisi na viwanda ilikuwa ndogo tangu kwenye ramani, na ndiyo maana mpaka leo maelfu ya wakazi wanavuka madaraja ya mto Caloosahatchee kila asubuhi kwenda kazini Fort Myers na kwingineko. Uchumi wa eneo zima ukaegemea kujenga nyumba, kuuza nyumba, kuhudumia wageni na kuuguza wazee. Nyumba zilipoacha kuuzika mwaka 2008, eneo lile lilikuwa miongoni mwa yaliyoumia zaidi Marekani. Ukosefu wa ajira katika wilaya ya Lee, ambamo mji huo umo, ulivuka asilimia 10, na Rais Obama alikwenda Fort Myers Februari 2009 kuzungumzia hali hiyo. Nakueleza haya kwa sababu mume wako aliposema maneno yale alikuwa amegusa jambo la kweli, hata kama alilisema kwa mkato.

Sasa angalia upande wako. Katika wilaya ile karibu watu watatu kati ya kumi wamevuka miaka 65. Nesi anayetaka kubobea kwenye moyo, kiharusi, maradhi ya kusahau au utunzaji wa wazee atakuwa yuko kwenye kitovu cha fani. Kwa hiyo usemi kwamba mji wa wastaafu hauna kazi kwako si kweli. Ila uliza vizuri kabla hujatia saini. Kuanzia Novemba hadi Aprili wanakuja wale wanaoitwa kule "ndege wa theluji", wanaokimbia baridi kaskazini, na hospitali zinajaa. Kiangazi wanaondoka. Waulize wanaokuajiri: wagonjwa wakipungua Julai, nesi mgeni anarudishwa nyumbani bila malipo mara ngapi? Saa zangu zinalindwa? Jua pia kwamba kwa wastani manesi wa Minnesota wanalipwa zaidi ya wa Florida, kwa hiyo ile kodi ya jimbo unayoikwepa, sehemu yake unaweza kuwa unailipa kwa njia ya mshahara mdogo. Na leseni: Florida imo katika mkataba wa majimbo unaomruhusu nesi kufanya kazi katika majimbo zaidi ya 40 kwa leseni moja, lakini Minnesota haimo. Ukihama utaomba ya Florida, na nakusihi usiiache ya Minnesota ife. Gharama ya kuihuisha kila baada ya muda ni ndogo kuliko kuanza upya siku ukitaka kurudi.

Mume wako yuko pengine kabisa. Mwaka ule ule wa 1957 Rosen walipokuwa wanachimba mifereji, huko Minneapolis Earl Bakken alitengeneza kifaa kidogo cha betri cha kuongoza mapigo ya moyo, na kuanzia hapo Minnesota ikawa mojawapo ya vitovu vikubwa vya vifaa vya tiba duniani. Mwenzio hajashikwa na kampuni moja. Amezungukwa na kampuni nyingi za fani yake. Akigombana na bosi wake Jumatatu, anaweza kuwa na usaili kwingine Alhamisi na mtoto asibadilishe hata shule. Hicho ndicho anachokiogopa kukipoteza, na sidhani kama amewahi kukitamka hivyo, hata kwake mwenyewe.

Hata hivyo, tangazo moja la jioni moja si utafiti. Naples, kama saa moja kwa gari kutoka kwa mama mdogo, na zaidi msimu ukichanganya, ndiko makao makuu ya Arthrex, kampuni kubwa ya vifaa vya upasuaji wa mifupa na viungo. Wanaajiri wahandisi. Kwa hiyo mlango upo. Swali ninalotaka mjiulize si kama atapata kazi ya kwanza. Mjiulize atapata wapi ya pili. Vijana wengi niliozungumza nao, waliohamia sehemu za namna hii, hawakukwama siku ya kufika. Walifika na kazi nzuri mkononi. Walikwama mwaka wa tatu au wa nne, mradi ulipofungwa au bosi alipobadilika, wakatazama huku na huku wakakuta mwajiri wa fani yao ni huyo huyo mmoja. Hapo kubadilisha kazi maana yake ni kuhama mji, na wakati huo tayari mmenunua nyumba.

Lakini Florida ni kubwa, mwanangu. Mmekuwa mkibishana kana kwamba kuna sehemu mbili tu duniani, theluji na mtaa wa mama mdogo. Tampa na vitongoji vyake ni eneo la watu zaidi ya milioni tatu, lina waajiri wa aina nyingi na vijana wengi, na jua ni lile lile. Kutoka hapo hadi Cape Coral ni zaidi ya saa mbili kwa gari. Hutaishi bure kwa mama mdogo, ndiyo. Jacksonville nako kuna kazi za vifaa vya tiba, ingawa ni mbali zaidi na baridi yake inauma kidogo. Sikwambii muende huko. Nasema mume wako alikataa mji mmoja, na sijui kama kuna mtu amewahi kumuuliza kuhusu mwingine.

Nije kwenye jua lenyewe, na hapa naomba unisikilize polepole.

Unatoka kazini saa moja asubuhi Desemba ikiwa giza. Unalala saa zote za mwanga. Unaamka jua limebakiza saa moja hivi. Mwanangu, hata Minnesota ina mwanga wa mchana wakati wa baridi, mfupi lakini upo. Wewe ndiye huuoni kwa sababu umelala. Kisha ulikwenda Cape Coral siku kumi, ukalala usiku, ukaamka asubuhi, mtu mwingine anapika na kumwangalia mtoto. Ulipona kwa jua, au kwa usingizi? Au kwa kulelewa kidogo na mama? Sijui, na nadhani wewe pia bado hujui. Ninachokiona ni kwamba kazi waliyokupa kule ni ya zamu ya usiku vilevile. Utakuwa umehama kwa maili zaidi ya elfu moja kwenda kulala mchana kwenye nyumba yenye mapazia mazito na kiyoyozi.

Huzuni hii ni maradhi na inatibika. Rudi kwa daktari wako kabla ya Novemba, usingoje ikushike. Mwambie taa inasaidia kidogo tu, na kwamba siku nyingine huna nguvu ya kuiwasha. Maneno hayo hayo. Kuna tiba nyingine, za mazungumzo na za dawa, na kwa watu wengine tiba huanzishwa mapema kabla majira hayajageuka. Na uombe zamu ya mchana pale ulipo. Huenda wakakataa mara ya kwanza. Omba tena ukiwa na barua ya daktari. Ikiwa mwenendo huo wa usiku utabadilika na bado Novemba ikakuangusha, basi utakuwa umejua jambo kubwa, na mume wako atakuwa ameliona pia kwa macho yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi mlikuwa wageni, na mlikwenda Februari, mwezi mtamu kuliko yote kule. Kabla hamjaamua, nendeni Agosti. Joto la Agosti lina unyevu unaomrudisha mtu ndani saa nne asubuhi, mvua za radi ni karibu kila alasiri, na watoto wanacheza ndani kama wanavyocheza ndani Januari huko kwenu. Msikae barazani kwa mama mdogo. Amkeni saa kumi na mbili mkavuke daraja pamoja na wafanyakazi, mtazame foleni. Nendeni Lehigh Acres, mkaone familia za vijana wanaoezeka mapaa, wanaopika hotelini, wanaouguza. Vijana wapo katika eneo lile, tena wengi. Hawaishi mtaa ule mliofikia. Nendeni pia kwenye chuo kikuu kilichoko karibu na Fort Myers, muone watu wa rika lenu wanafanya nini Jumamosi. Binti yenu atacheza na nani ni swali la mtaa gani, zaidi ya mji gani.

Kuhusu kuzeeka kabla ya wakati, rafiki yako nampa nusu ya haki. Kuishi na wazee hakumzeeshi mtu, na mtoto anayekua akisalimiana na wazee wa mtaa mzima anapata kitu kizuri. Lakini kazi hujengwa na watu pia: yule mwenzako uliyeanza naye, anayehamia kwingine na kukupigia simu nafasi ikitokea, yule aliyekutangulia miaka mitano anayekwambia kosa lipi usilifanye. Watu hao wakipungua, hutagundua mwaka wa kwanza.

Fedha nitazipitia haraka kwa sababu nadhani siyo zinazokusukuma. Ni kweli Florida haina kodi ya mapato ya jimbo. Bima ya nyumba, hata hivyo, ni miongoni mwa ghali kabisa Marekani, na bima ya kawaida hailipi mafuriko. Ya mafuriko inanunuliwa peke yake. Kodi ya serikali anayotozwa mwenye nyumba nayo ina mtego kwa mgeni. Sheria ya kule inazuia thamani inayotozwa kodi, kwa nyumba ambayo mwenyewe anaishi, isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, na nyumba ikiuzwa hesabu inaanza upya kwa bei ya soko. Kwa hiyo usipige bajeti yako kwa risiti ya mama mdogo. Mnaweza kununua nyumba pacha na yake, mlango kwa mlango, mkalipa kodi mara mbili ya anayolipa yeye. Na baadhi ya nyumba nafuu mtakazoziona kwenye matangazo hazitawapokea kabisa: sheria ya shirikisho inaruhusu jumuiya za wazee, ambako angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu wa miaka 55 au zaidi, kukataa familia zenye watoto. Someni masharti kabla hamjaipenda nyumba.

Kimbunga ulikitaja kama hofu ya paa. Mimi nakifikiria kwa kazi yako. Ian alitua karibu kabisa na Cape Coral tarehe 28 Septemba 2022, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha Florida. Siku kama hizo wengine wanaambiwa wahame. Manesi waliopangwa wanaingia hospitalini na mikoba yao, wanalala huko huko mpaka upepo upite. Waulize waajiri wako utapangwa kikosi gani. Kisha mkae na mume wako mjibu swali hili kwa majina ya watu na njia ya gari: usiku ule mama yuko wodini, nani anamtoa mtoto, na nani anawatoa wazee?

Sasa, kati ya kuhama na kubaki kuna njia ambazo sikuziona kwenye barua yako. Manesi wa mkataba huajiriwa kwa vipindi vya wiki 13, na majira ya baridi ndipo hospitali za Florida zinapohitaji watu zaidi. Baridi moja ungeweza kuifanya kazi kule, zamu ya mchana ukiipata, ukaona kama huzuni inakuachia ukiwa mfanyakazi badala ya mgeni. Hatari yake ni kubwa, usiidharau: nani atabaki na mtoto, mwajiri wako wa sasa atakushikia nafasi au la, na miezi mitatu ya kutengana inaweza kuwa mirefu kwa ndoa ambayo tayari ina ukimya ndani yake. Njia nyingine ni mume wako kutuma maombi kwanza, kwa moyo wote, Naples na Tampa, na wewe ukawaomba waajiri wako muda zaidi. Wakikunyima nafasi hiyo, kumbuka eneo lenye wazee wengi namna ile litahitaji manesi mwakani pia. Wiki tatu ni haraka yao.

Na ipo njia ya kuhama kwa tarehe: mnakwenda, mnakubaliana kwa maandishi kwamba baada ya miezi kadhaa, mkitaja mwezi wenyewe, mtakaa mpime, na mmoja akisema turudi basi mnarudi bila kesi. Wengine imewasaidia. Shida yake ni kwamba fani ya mume wako haisubiri kama yako. Wewe ukikaa pembeni mwaka mmoja, unesi utakupokea tena. Yeye akikosa kile kikundi cha watu wanne mwakani, nafasi hiyo itapewa mtu mwingine. Uzito wenu kwenye mizani haulingani, na ni vizuri wewe uwe wa kwanza kulisema hilo kwa sauti, kabla yeye hajalazimika kulisema.

Maana ninavyomsoma, ukimya wake si ukaidi. Mwanamume anayekataa hivi hivi hubishana. Huyu alitafuta tangazo, akaona moja, akafunga kompyuta. Huenda anaona akisema hapana anamnyima mkewe afya, na akisema ndiyo anajifuta. Hapo mtu hana neno la kusema. Jaribu siku moja umuulize bila kutaja Florida kabisa: "Wewe miezi yangu ya baridi unaionaje ukiwa upande wako?" Halafu umsikilize hadi mwisho, hata kama atakayosema yatakuuma. Huyu mtu amekuwa akilea mtoto upande wa pili wa mlango wa bafuni.

Sasa lile la nne. Baba mdogo ameanguka mara mbili mwaka huu, ukaandika "ila anaendelea vizuri". Wewe ni nesi. Mgonjwa wako akikueleza hivyo wodini, hukubali na kupita. Mama mdogo anawapenda, sina shaka, na vile vyumba viwili anawapa kwa moyo mweupe. Lakini inawezekana pia anaogopa, anazeeka na mume anayeanguka, watoto wa ndugu wako mbali, na hajui namna ya kuomba bila kuonekana mzigo. Mkihamia pale bila hilo kusemwa, utakuwa na zamu mbili za usiku, moja ya hospitali na moja ya nyumbani, na miaka miwili ya bure haitakuwa na tarehe ya kuisha. Likisemwa mapema, huenda likabadilisha kila kitu, hata moyo wa mume wako. Kuna waume ambao hawatahama kwa ajili ya jua lakini watahama kwa ajili ya mzee. Au mtakuta anachohitaji ni msaidizi wa siku tatu kwa wiki na vishikio vya bafuni, na hilo mnaweza kulisaidia mkiwa Minnesota.

Mpigie mama mdogo simu wiki hii, kabla hujawajibu hospitali. Mpigie asubuhi, baba mdogo akiwa bado amelala, umuulize alianguka saa ngapi za usiku na nani alimwinua.